Deni la mwaka 2009 lilivyorudi: nilivyokarabati programu ya duka vyuma vilipokaza

Jumatatu moja ya Oktoba 2023 nilifika kazini Gerezani, Kariakoo, saa moja na nusu asubuhi, nikakuta watu kumi na mmoja kaunta. Wote walikuwa wananisubiri mimi. Jumamosi jioni umeme ulikatika Mama wa kaunta akiwa katikati ya kuandika ankara ya mabati, na programu yetu ya mauzo ilipowashwa asubuhi ile ikakataa kufungua jedwali la mauzo. Hali hiyo tulishaizoea. Umeme ukikatika ghafla, fahirisi za majedwali (orodha ambazo programu inazitumia kutafutia rekodi) zinaharibika, na mimi nakaa kuzijenga upya moja baada ya nyingine. Dakika arobaini, na hakuna namna ya kuharakisha.

Fundi mmoja aliyekuja na kirikuu kutoka Mbagala alitaka nondo sitini za milimita 12. Alivumilia robo saa, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, nondo ni nondo tu," akavuka barabara. Nilimwona kupitia dirishani akipakia kwa jirani yetu.

Mwaka ule hali ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Dola ilikuwa adimu, na sisi tunauza bidhaa ambazo sehemu kubwa yake hutoka nje au hutengenezwa kwa malighafi ya nje. Mei Kariakoo iligoma, tukafunga duka siku kadhaa. Mgao wa umeme uliporudi, Mzee, mwenye duka, alipunguza vibarua wawili wa stoo. Siku aliyowaambia hakula mchana. Kwa hiyo fundi yule alipovuka barabara, nilijua kilichoondoka naye ni zaidi ya nondo sitini.

Programu yenyewe iliandikwa mwaka 2005 kwa Visual FoxPro, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu za kutunza data, na kijana ambaye baadaye alihamia nje ya nchi. Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba haitatoa toleo jingine la FoxPro, na Januari 2015 ikaacha kabisa kuihudumia. Nilipoajiriwa hapa mwaka 2011 kama karani wa hesabu, programu ilikuwa imeshakuwa sehemu ya duka kama mizani na makabati. Nilijifunza kuirekebisha kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa. Bahati yetu kubwa, ambayo nilikuja kuithamini baadaye sana, ni kwamba yule kijana aliacha msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwenye folda moja ya seva. Najua maduka ambayo wana programu lakini msimbo wake aliondoka nao aliyeuandika.

Wiki ileile Mzee aliita kampuni moja ya mjini ije itupe bei ya mfumo mpya. Vijana walikuja nadhifu, wakatuonyesha skrini nzuri, na sina neno baya juu yao. Bei ilikuwa shilingi milioni 62, pamoja na ada ya kila mwaka ya dola 3,400. Mzee aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati. Jioni aliniita ofisini.

"Mwanangu, huu mfumo wetu una ugonjwa gani hasa?"

Nikaanza kumweleza: ni wa kizamani, lugha yake imeshakufa, skrini zake ni za kijivu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hayo ni maelezo ya umri. Mimi nimekuuliza ugonjwa."

Sikuwa na jibu, na iliniuma kwa sababu nilidhani naujua mfumo ule kuliko mtu yeyote. Mwaka 2021 nilikwisha jaribu kuuandika upya wote, peke yangu, usiku nyumbani, kwa miezi minane. Nilianza na skrini ya kuingilia, nikaja orodha ya bidhaa, nikaja wateja. Kila nilipomaliza kipande niligundua vipande vitatu ambavyo sikuvijua. Wakati huohuo duka lilikuwa linaendelea kubadilika, na Mzee anaomba marekebisho kwenye programu ya zamani, kwa hiyo nikawa nafukuzana na kitu kinachokimbia. Mwishowe niliacha. Miezi minane ya usingizi wangu imo kwenye folda ambayo sijaifungua tena.

Safari hii nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilichukua kigoda nikakaa pembeni ya Mama wa kaunta siku nne mfululizo, na siku mbili nikakaa stoo, nikiwa na kalamu na karatasi tu. Kila mtu alipokwama, niliandika amekwama wapi na kwa dakika ngapi.

Sikuamini nilichokiona. Skrini za kijivu hazikumsumbua mtu. Mama wa kaunta haangalii hata kibodi. Anaandika msimbo wa bidhaa, anabonyeza Enter mara mbili, anaandika idadi, F5, ankara imetoka kwenye printa ya karatasi za nakala tatu. Sekunde kumi na tano. Ile skrini nzuri ya wale vijana ilihitaji kushika kipanya mara sita kwa kazi hiyohiyo. Mchapaji yule wa zamani ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na mimi nilikuwa tayari kumnyang'anya wepesi wake kwa sababu ya rangi.

Maumivu ya kweli yalikuwa matatu. Kwanza, umeme na zile fahirisi. Pili, jedwali la bidhaa zilizouzwa lilikuwa limefikia gigabaiti 1.7, na FoxPro haikubali jedwali kuzidi gigabaiti 2. Hapo ingesimama, na hakuna ujanja. Tatu, simu. Mawinga (madalali wanaotafuta wateja) na wauzaji wetu wa nje walikuwa wanapiga kaunta siku nzima: "Misumari ya inchi nne ipo? Bati za geji 30 zimebaki ngapi?" Siku moja nilihesabu simu 74. Kila simu inamsimamisha Mama, na kila akisimama foleni inarefuka.

Jambo jingine nililoliona ni daftari. Pembeni ya kompyuta Mama alikuwa na daftari la kaunta kwaya, na kabla ya kuingiza ankara yoyote kubwa aliandika kwanza kwa mkono jina la mteja, mzigo na jumla. Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi mara mbili. "Umeme ukikatika, mwanangu, hili halikatiki."

Maneno yale ndiyo yaliyonipa njia, kwa sababu kanzidata za kisasa zinafanya kitu kilekile. Kwa FoxPro, kila kompyuta ya dukani inafungua faili la seva moja kwa moja na kuandika ndani yake. Umeme ukikatika katikati ya sentensi, sentensi inabaki nusu. Kwa PostgreSQL, kanzidata ambayo ni ya bure kabisa, kompyuta za kaunta haziruhusiwi kugusa faili. Zinaiomba seva, na seva inaandika kwanza badiliko lote kwenye daftari lake la kumbukumbu kabla ya kugusa jedwali. Umeme ukirudi inasoma daftari lile. Kilichokamilika kinabaki, kilichokuwa nusu kinafutika kama hakikuwahi kuwepo. Nilipomweleza Mama hivyo, alitikisa kichwa tu, kana kwamba namweleza jambo ambalo kila mtu analijua.

Basi mpango ukawa mdogo. Skrini zibaki zilezile, vitufe vilevile, printa ileile. Kitakachohama ni data peke yake, kutoka majedwali ya FoxPro kwenda PostgreSQL, na programu ya zamani itaongea na seva mpya kwa kupitia ODBC, daraja la kuunganisha programu na kanzidata. FoxPro inaweza kufanya hivyo tangu zamani, ila sisi hatukuwahi kuitumia. Mzee aliuliza swali moja tu: "Ikishindikana, tunarudi tulipokuwa kwa muda gani?" Nilimwambia usiku mmoja. Akasema nianze.

Novemba nilihamisha nakala ya kwanza kwenye kompyuta ya majaribio. Nilitafuta hati ndogo, yaani programu fupi, ya kusoma faili za zamani na kuzimimina upande wa pili, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha, asubuhi nikafurahi kuona majedwali yote yamejaa. Nikatoa ripoti ya wadaiwa wa mali kauli nikampelekea Mzee.

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukurasa wa pili alisimama. Palikuwa na jina la mteja wa Kibaha, anadaiwa shilingi 1,860,000, tarehe ya Juni 2009.

"Huyu alilipa," Mzee akasema. "Alilipa kabla hajafa. Nilienda msibani kwake. Mwanangu, nisingeenda kukaa msibani kwa mtu halafu nikamwandika mdaiwa."

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na baridi mikononi. Kwenye programu ya zamani deni lile halikuwepo. Kwenye mpya lilikuwepo, na wenzake 212. Ilinichukua hadi saa mbili usiku kuelewa. FoxPro ukiiambia ifute rekodi, haifuti. Inaweka alama ya nyota mwanzoni mwa rekodi, kisha inaificha. Rekodi yenyewe inaendelea kukaa ndani ya faili hadi mtu atoe amri ya kubana jedwali, na kwetu hakuna aliyewahi kuitoa kwenye jedwali la wadaiwa. Hati niliyoitumia haikujali ile nyota. Ilifukua kila kitu kilichowahi kuzikwa tangu mwaka 2005 na kukipanga sawasawa na vilivyo hai.

Kama Mzee asingeisoma ile ripoti kwa kidole, tungewapigia watu simu tukiwadai walicholipa. Wengine tungewapigia wajane wao. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi kuliko kosa lolote nililofanya kazini.

Tangu siku ile sikuhamisha jedwali lolote bila kulinganisha pande mbili kwa vipimo vitatu: idadi ya rekodi zilizo hai, jumla ya fedha, na majina ishirini yaliyochaguliwa ovyo na kusomwa na mtu anayewajua wateja. Kipimo cha tatu ndicho kilichofichua mengi. Kuna tarehe zilizokuwa tupu, ambazo FoxPro inazikubali na PostgreSQL inazikataa, na mimi kwa haraka nilikuwa nimezijaza tarehe ya uongo. Kuna misimbo ya bidhaa iliyokuwa na nafasi tupu mwishoni, hivyo "NONDO12" ya ankara haikutambuana na "NONDO12" ya stoo. Mtunza stoo ndiye aliyeiona hiyo, kwa sababu kompyuta ilidai hana nondo hata moja wakati amezikalia.

Desemba na Januari tuliendesha mifumo yote miwili sambamba. Kaunta ilitumia ya zamani, na kila usiku nilimimina mauzo ya siku kwenye mpya, nikailazimisha ikokotoe upya ankara zote, nikalinganisha. Hazikulingana. Tofauti zilikuwa ndogo, shilingi 32, shilingi 17, shilingi 41, lakini kila siku zipo. Shilingi 32 si kitu, mtu angeweza kusema tusonge mbele. Nilikataa, maana tofauti ndogo usiyoijua chanzo chake ni tundu usilojua ukubwa wake.

Nilitafuta kwenye msimbo siku tatu. Nikaipata ndani ya utaratibu wa kuchapa ankara, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta hesabu: mistari sita, bila maelezo yoyote, inayoshusha jumla hadi kwenye 50 iliyo chini yake, lakini kwa wanaolipa taslimu tu. Ankara ya 147,382 inachapwa 147,350. Wa mali kauli wanaandikiwa kamili. Nilimpelekea Mzee. Alicheka kidogo, akasema ilikuwa mwaka 2006, sarafu ndogo zilikuwa zinasumbua, chenji haipatikani, wateja wanagombana na kaunta. Akamwambia kijana wa programu amalize ugomvi. Akamaliza, na miaka kumi na saba baadaye ugomvi ule haujarudi kwa sababu mistari sita ipo kazini.

Mwaka 2021, nilipoandika kila kitu upya, ile mistari sikuiweka. Nisingejua kwamba ipo. Ndiyo sababu siku hizi mtu akiniambia programu yake ni takataka inafaa kutupwa, namwomba kwanza anionyeshe ugomvi wote ambao ilishaumaliza. Programu iliyouza saruji miaka kumi na minane inajua mambo ya duka ambayo hata mwenye duka ameshayasahau.

Wakati nalinganisha hesabu, mambo ya vifaa yalikwenda haraka. Seva tulinunua ya mtumba kwa 1,100,000. Kompyuta saba za zamani hatukuzibadilisha. Tuliziwekea diski za SSD za 70,000 kila moja, na zile zilizokuwa zinachukua dakika nne kuwaka zikawa zinawaka chini ya nusu dakika. Waliozitumia walidhani tumenunua mpya. Betri ya akiba ya seva 650,000. Nyaya za mtandao na swichi 380,000. Diski mbili za nje za nakala rudufu 300,000. Kijana mmoja anayeijua PostgreSQL vizuri tulimlipa 1,500,000 kwa wiki tatu, na ile ndiyo fedha niliyoitetea kwa nguvu kuliko zote, maana Mzee aliona naweza mwenyewe. Ningeweza, kwa miezi sita. Jumla ikawa 4,420,000, na mshahara wangu ambao ningelipwa hata hivyo.

Kuhusu nakala rudufu niseme kidogo. Tulikuwa nayo moja, kwenye flashi, droo ya Mzee, ya miezi minne nyuma. Nilipojaribu kuifungua haikufunguka. Sasa diski moja inalala dukani na nyingine inalala nyumbani kwa Mzee, zinabadilishana kila jioni, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi nairejesha nakala yote kwenye kompyuta mpakato ya zamani na kutoa ripoti moja. Isipofunguka, hiyo siyo nakala.

Tulihama rasmi usiku wa Jumamosi moja ya Februari 2024. Ajabu ni kwamba mwezi uleule Bwawa la Nyerere lilianza kuzalisha umeme na mgao ukalegea, na mwenzangu wa hesabu akaniuliza kama hatukupoteza nguvu bure. Jibu lilikuja lenyewe mwezi uliofuata. Saa kumi jioni, kaunta imejaa, umeme ukakatika mtaa mzima. Seva ikabaki kwenye betri, ikajizima yenyewe kwa utaratibu. Uliporudi, nilisimama nyuma ya Mama bila kusema kitu. Akawasha, akaingia, akatafuta ankara aliyokuwa anaiandika. Haikuwepo hata kipande. Ya kabla yake ilikuwepo, kamili. Akafungua daftari lake, akaiandika upya, F5. Dakika mbili tangu umeme urudi hadi karatasi ikatoka. Yeye hakuona kitu cha kushangilia, akaita mteja anayefuata. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye baraza kidogo.

Zile simu zilikuja kuisha Aprili. Kwa kuwa data sasa ilikuwa mahali panapoongea na kitu chochote, niliandika ukurasa mmoja tu unaofunguka kwenye simu: andika jina la bidhaa, uone kilichopo stoo na bei ya jumla. Hauwezi kubadilisha chochote, unasoma tu. Ulinichukua wiki moja na nusu. Wauzaji wa nje wawili walikataa kuutumia mwanzoni kwa sababu walizoea kusalimiana na Mama kwanza, na Mama naye alikuwa anawaambia mzigo ambao haujaingia bado lakini uko njiani. Hilo ukurasa wangu haukulijua. Nikaongeza safu ya "upo njiani", anayeijaza ni mtunza stoo. Simu zikashuka hadi kumi na kitu kwa siku, na hizo zilizobaki ni za kupatana bei, ambazo hakuna programu ya kuzichukua.

Yapo ambayo hatukuyagusa. Mishahara bado iko kwenye FoxPro na majedwali yake ya zamani. Tuko watu kumi na wanne, inatumika mara moja kwa mwezi, haimuumizi mtu. Risiti ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi, bado Mama anaichapa kwa mkono kwenye mashine yake baada ya ankara, na hiyo ndiyo kazi ninayoifuata, kwa sababu ni sekunde ishirini kwa kila mteja na nimezihesabu. Baada ya hapo ni kompyuta za kaunta. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na tatu kati ya zile saba hazikubali Windows 11. Nimezitenga mbili kujaribu Linux, moja iko stoo tangu wiki iliyopita. Mtunza stoo anasema printa inachelewa kidogo kuitika, karatasi ya kwanza tu, zinazofuata ziko sawa. Kesho asubuhi nitakwenda kukaa naye.